Waridi Katika Chupa Nyeusi

Jumapili, 7 Aprili 1968

Mvua ya masika imefika. Imenyesha tangu adhuhuri, na dari limeanza kuvuja pale pale linapovuja kila mwaka. Nimetega beseni.

Nafungua daftari hili kwa sababu lile jingine ni la hadithi, na sitaki hasira zangu zimwagikie mle. Mimi ni Mwanakuu binti Thabit, umri wangu arubaini na mbili. Niliachwa nikiwa na ishirini na saba, na tangu hapo nakaa ghorofani katika nyumba ya marehemu baba, hapa mtaani Kuze, natengeneza mafuta ya waridi kama nilivyofundishwa na bibi. Ndugu yangu Aidarus, ambaye nilimbeba kiunoni kabla hajajua kutembea, anakaa chini na mkewe Mahfudha. Yeye ndiye anayeyauza mafuta hayo dukani kwake, mtaa wa Biashara, katikati ya maduka ya kanga. Mji mzima unayaita waridi la Aidarus. Mpaka wiki hii hilo halikunikera.

Jumanne, 9 Aprili

Aidarus alirudi kutoka Bombay Ijumaa, na masanduku mawili ya chupa. Za kwanza ni za rangi ya waridi, zina picha ya mwanamke anayejitazama kiooni. Za pili ni nyeusi, zina picha ya mwanamume aliyevaa kofia ya Kizungu. Ameleta na debe la mafuta mengine, eti ya wanaume. Nimelinusa. Linanuka kama dawa ya viatu.

"Dada, dunia imegeuka," akaniambia. "Bombay hakuna mwanamume anayejipaka maua. Waridi ni la wanawake. Mwanamume yuwataka kitu kizito."

Nikamuuliza baba alikuwa nani. Baba hakwenda msikitini Ijumaa hata moja bila waridi nyuma ya masikio, na siku alipoaga dunia alipakwa lilo hilo, nililotengeneza kwa mikono yangu huku nikilia.

"Baba alikuwa mtu wa kale," akasema.

Shangazi Mwanakhamis alikuwa ameketi kitandani akitafuna tambuu. "Babako alioa wake wawili, akazaa watoto saba, na waridi likinuka mpaka kwa jirani," akamwambia. "Kama alikuwa mwanamke, basi hakuna aliyempasha habari."

Aidarus hakucheka. Ameniamuru nijaze chupa nyeusi kutoka kwenye debe lile. Ameniamuru, mimi niliyemfunga winda.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Siku ya kusoma.

Kila Alhamisi baada ya alasiri wanawake hupanda kwangu. Wao wanashona kofia, mimi nawasomea hadithi yangu. Shangazi hushona bila kutazama. Zilpah hutoka kazini Shimanzi, ambako ni karani wa kupiga taipu, akapita kwangu kabla ya kwenda kwao Buxton. Mumewe Joab ni mtu wa reli, ndiye anayeniletea kikapu cha mawaridi kutoka Limuru, na Zilpah alikuja mara ya kwanza kukileta kikapu tu, akaketi, na hajaacha kuja. Hajui kushona kofia. Anazikosea vitobo na shangazi humfumulia.

Hadithi yenyewe ni ya zamani za Mreno, alipokuwa yumo Ngomeni. Mwana Hasina ni binti wa mtengeneza marashi. Anampenda Kombo, mwandishi wa barua, mtu mpole mwenye wino vidoleni. Wareno wamemtia Kombo gerezani pamoja na watu arubaini, na Mwana Hasina ameruhusiwa kuingia kumkomboa mmoja. Mle ndani ni giza tupu na hakuna anayethubutu kutaja jina lake. Anapita kati yao mmoja mmoja, anamjua Kombo kwa waridi alilompaka yeye mwenyewe kwenye ukosi wa kanzu. Leo nimesoma mpaka mwisho, siku ya ndoa, pale Mwana Hasina anapomwambia babake kwamba hatoi idhini mpaka masharti yake yaandikwe. Halafu Kombo anachukua kalamu mwenyewe, anayaandika kwa mkono wake, na uso wake unang'aa kwa furaha.

Sindano zote zilisimama. Kisha Zilpah akasema, "Huyo ni mwanaume wangu," na shangazi akamwambia aondoke na kikapu chake, yeye shangazi ndiye mkubwa, atamchukua Kombo kwanza.

Mahfudha tu hakucheka. Yeye huketi karibu na mlango, haongei, na mumewe akikohoa kule chini hushuka mbio. Simwamini. Najua maneno yetu hushuka naye.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikuwa na haki ya kutomwamini, lakini tazama heri iliyotoka humo. Aidarus amepanda leo, amekaa vizuri, akasema Mahfudha amemweleza habari ya hadithi yangu. Rafiki yake Zein ana mtambo wa kuchapa. "Nipe daftari, dada. Nitakuchapishia vitabu mia moja na hamsini, tuvigawe siku ya maulidi yetu."

Nilimpa. Nililifunga katika leso safi, nikampa. Nimejiona mbaya kwa yote niliyoandika hapo juu. Nilitaka kuyafuta, lakini wino haufutiki.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Beseni limejaa mara tatu.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Kikapu cha Joab kimefika kimelowa, nusu ya maua yameoza. Nimechambua kutwa.

Jumatatu, 6 Mei

Nimefanya jambo.

Aidarus alikuja asubuhi kuuliza chupa nyeusi. Nilimwambia debe lake linanuka vibaya, litatuaibisha. Akanijibu, "Wewe kazi yako ni kujaza, si kunusa." Maneno hayo hayo, mbele ya mkewe.

Miaka kumi na mitano nimekaa mbele ya sufuria ile ya shaba. Nimeziba kifuniko chake kwa unga uliokandwa, nimekesha macho nikilinda moto usizidi, nimengoja matone yadondoke moja moja kwenye mafuta ya mti wa liwa. Kila kilicholeta watu dukani kwake kimepita puani mwangu kwanza. Halafu kazi yangu si kunusa.

Alipoondoka nilibeba debe lile mpaka chooni nikalimwaga lote. Chupa nyeusi nikazijaza waridi, lile la matone ya kwanza, zuri kuliko lililomo kwenye chupa za wanawake. Nilipogeuka na debe tupu mkononi, nikamwona Mahfudha amesimama ngazini. Aliliangalia debe, akaniangalia mimi, akashuka. Basi, yamekwisha, nikasema moyoni. Nangoja kikohozi cha Aidarus.

Jumanne, 7 Mei

Hakuna kikohozi.

Ijumaa, 10 Mei

Aidarus amerudi msikitini amejaa kifua. Alijipaka kutoka chupa nyeusi, akawapaka na wenzake. "Wote wameuliza nini hiki. Wameniambia, hii ndiyo harufu ya kiume. Nilikwambia, dada, wewe hutaki kusikia."

Nilimwambia nimesikia. Nilishika nguzo nisicheke, na nilipoingia ndani sikucheka hata kidogo. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Kitu kile kile wamekidharau kikiwa na picha ya mwanamke, na wamekisifu kikiwa na picha ya kofia.

Mahfudha hakusema neno kwa mumewe. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua imepasua mfereji wa mtaani. Wanawake hawakuja.

Jumatano, 22 Mei

Leo nitaandika mpaka kalamu inishinde.

Vitabu vimeletwa. Havijawa vitabu bado, ni makaratasi yaliyokunjwa makunjo makunjo, saba kwa kila kitabu, na majalada kando. Aidarus amevibwaga ukumbini kwangu. Zein hushonesha kwa mtu wake, lakini ndugu yangu ameona si lazima. "Nyinyi mwashona kofia kila siku," akasema. "Shoneni na hivi. Ni uzi na sindano tu." Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilitaka kuvishona mwenyewe.

Nikachukua jalada. Limeandikwa: Mwana Hasina, hadithi ya zamani. Imetungwa na Aidarus bin Thabit.

Nilisoma mara tatu. Nilidhani macho yangu yananidanganya. Kisha nikafungua kunjo la mwisho, maana pale ndipo moyo wangu ulipo. Mle gerezani, Kombo wao ananukia "miski kali ipasayo mashujaa". Na siku ya ndoa hakuna masharti. Nayanakili, nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliota: "Mwana Hasina akainama akasema, Mimi ni mwanamke, sina nilijualo, atakalo mume wangu ndilo. Akauvunja mtambo wake wa marashi kwa mkono wake mwenyewe, nao wakaishi raha mustarehe."

Akauvunja mwenyewe. Hata kuuvunja wamemtwika yeye.

Nilishuka chini bila buibui, bila viatu. Aidarus alikuwa anakunywa kahawa. Nikamuuliza ni nani aliyefanya haya. Akasema ni Zein, na yeye aliyapitisha, kwa sababu mwanamume anayenukia waridi atachekwa na mwanamke anayetia masharti atawaharibu wasichana.

"Na jina?"

"Dada, jina lako litembee mabarazani, watu wakutie midomoni? Mimi nakustiri."

"Nipe daftari langu."

Hapo akatazama kahawa yake. "Lilirowa kule kwa Zein. Wamelitupa."

Miaka minne ya Alhamisi. Sina nakala. Nilipanda ngazi kwa mikono na miguu, na sasa nimeketi katikati ya makaratasi haya ya vitabu mia moja na hamsini ambayo nimeagizwa niyashone, na natamani kuyatia moto yote pamoja na nyumba. Nimemlaani ndugu yangu kwa sauti. Nimemlaani Zein. Nimemlaani na Mahfudha, maana ni mdomo wake ulioanza. Sifuti kitu.

Alhamisi, 23 Mei

Nilimlaani mtu asiyestahili, na hili pia silifuti, libaki linisute.

Walikuja wote leo. Niliwasomea kunjo la mwisho. Shangazi alitema tambuu yake. Zilpah akasema, "Bi Mwanakuu, huu ni wizi, kwetu mtu angepelekwa kwa chifu." Nikawaambia hakuna la kufanya. Hata nikitaka kuandika upya, kichwa kimejaa moshi, siyakumbuki maneno yangu kama yalivyokuwa.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Mahfudha ameinamia kofia yake, hakuinua macho, akaanza: "Mwana Hasina aliingia gerezani akiwa ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto..." Akaendelea. Neno kwa neno. Mpaka pale nilipoweka kituo, naye alinyamaza kidogo. Watu arubaini gizani, waridi kwenye ukosi, babake, kalamu, yote. Zilpah alitoa kijidaftari chake cha kazini akawa anaandika kwa zile alama za makarani, mkono wake ukimfuata bila kukosa. Aliyeshindwa kushona kofia.

Mahfudha alipomaliza nilimuuliza ameyajuaje.

"Nasema nikipika, wifi," akajibu. "Kila siku. Na ndiyo yalonifanya nimwambie Aidarus. Nilisema yeye akikusikia atafurahi, kama nilivyofurahi mimi." Halafu akasema kwa sauti ile ile: "Siku yangu mimi sijui kiliandikwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliambiwa nilie kidogo, ndiyo idhini."

Mimi nilitazama sakafuni, maana mwaka ule nilikuwa mmoja wa waliomwambia alie.

Kisha yeye mwenyewe, si mimi, alichukua kitabu kimoja kutoka kwenye fungu, akalitoa kunjo la mwisho, akaliweka kando. "Si ametwambia tushone?" akasema.

Jumatatu, 27 Mei

Zilpah amepiga taipu kwenye stensili. Mashine ya kurudufia ni ya kwaya ya kanisa lao. Amemwambia mchungaji ni hadithi ya mambo ya ndoa, na mchungaji akasema ndoa ni jambo jema.

Masharti ya Mwana Hasina yalikuwa matatu. Mawili nimeyaacha kama yalivyokuwa: asitolewe nyumbani kwake bila ya kutaka mwenyewe, na sufuria yake ya shaba ibaki yake, na kinachotoka ndani yake kiwe chake. La tatu lilikuwa habari ya mke mwenza. Hilo nimelibadilisha. Shangazi aliposikia badala yake aliniambia nina roho mbaya, akanibusu mkono.

Jalada hatukuligusa. Zilpah alitaka tubandike jina langu. Nikasema hapana. Aidarus amelitaka jina lake pale, na likae.

Jumamosi, 1 Juni

Tumemaliza kushona. Karatasi za Zilpah ni nyeupe zaidi kidogo, asiyetazama mwisho hataona. Aidarus alikuja, akaokota kimoja, akakipindua, akatazama jalada. Akatazama jalada tena. Akasema mshono mzuri.

Jumatano, 5 Juni

Manyunyu. Naogopa. Mahfudha anaogopa zaidi, lakini jana nilimsikia jikoni akisema maneno ya gerezani, na kwa sauti kubwa kidogo.

Jumapili, 9 Juni

Maulidi yetu yamesomwa leo baada ya alasiri. Wanaume chini, wamejaa ukumbi mpaka barazani. Sisi juu, tumekaa kwenye mikeka karibu na ngazi, ambapo husikika kila kitu.

Yalisomwa, watu wakasimama, wakaketi. Marashi yakazungushwa. Marashi ni maji ya waridi, na kila mwanamume mle ndani aliinamisha kichwa akarashiwa, kama baba yake na babu yake, wala hakuna aliyeuliza kama ni ya kike. Kisha Aidarus mwenyewe akapita na chupa nyeusi, akimpaka kila mgeni mkononi. Kisha vitabu.

Mwalimu Sheikhan ndiye aliyetusomesha sote, mimi na Aidarus. Sasa ana miaka themanini. Ana tabia moja ambayo kila mwanafunzi wake anaijua: kitabu hukifungua mwisho kwanza, aone kama mwandishi alijua aendako. Mimi niliijua. Aidarus naye aliijua, lakini yeye hakuwa na sababu ya kuikumbuka.

Kwanza tulimsikia akikohoa, halafu akisoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma kila kitu. Alisoma gereza. Alipofika kwenye waridi mtu mmoja akacheka, wakacheka na wengine. Mwanamume kunukia maua, mtu akasema.

"Mwateka nini?" akauliza Mwalimu Sheikhan. "Mkononi mwangu hapa nimepakwa nini? Si waridi? Nuseni."

Shangazi alinifinya paja. Tuliwaona kwa upenyo wa ngazi, wanaume wazima, mmoja baada ya mwingine, wakiinua mikono yao puani.

"Ni lile lile la marehemu Thabit," akasema mwalimu. "Nimemsalisha, nalijua." Akaendelea kusoma. Sharti la kwanza. La pili. Akasimama, akapangusa miwani, akasoma la tatu: "Na mtu yeyote wa nyumba hii akiandika jina lake juu ya kazi ya mkono wangu, basi na alitaje jina langu mbele ya watu kabla hawajaondoka."

Akafunga kitabu. Akakipindua, akatazama jalada.

"Aidarus mwanangu. Masharti haya sioni ubaya wake, ni haki ya mtu. Nataka kujua jambo moja tu. Ni wewe uloandika haya?"

Mahfudha alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Aidarus akisema ndiyo, atakuwa yeye ndiye mwanamume anayesifu waridi na kutetea masharti, na Zein yupo, na wote wanaocheka wapo. Akisema hapana, kuna jalada.

"Ni dadangu, mwalimu," akasema. "Mwanakuu. Wachapaji walikosea."

Alilitema jina langu kama mbegu ya ndimu. Lakini alilitaja, na watu sitini wakalisikia.

"Na mafuta?"

"Na mafuta ni yake."

Mwalimu Sheikhan akasema, "Mungu ambariki," akaomba aletewe kahawa.

Wageni walipoondoka Aidarus alipanda. Sijapata kumwona amekunja uso vile tangu utotoni. "Umenivua nguo mbele ya watu," akaniambia.

"Nguo zenyewe zilikuwa zangu," nikamjibu.

Alimgeukia mkewe. Nilidhani atampiga, nikasimama kati. Mahfudha alikuwa amekaa pale pale karibu na mlango, anashona. Hakushuka. Mumewe alikohoa, akakohoa tena, akashuka peke yake.

Ijumaa, 14 Juni

Jua. Nimeanika vitu vyote vilivyoota ukungu. Makunjo ya uongo ya Zein tunafungia vikuba, vishada vyetu vya asumini, yanafaa.

Watu wananiambia nimeshinda. Wanakosea. Daftari langu la miaka minne limeoza jaani, na jina langu nimelipata kwa kumtega ndugu yangu kama panya, wakati alikuwa na mdomo wa kunipa bure. Hasira yangu haijapoa, na sina haraka ya kuipoza.

Asubuhi, kabla ya adhana ya Ijumaa, Aidarus alipanda. Hatujasemeshana tangu Jumapili. Amevaa kanzu nyeupe, mkononi ana chupa nyeusi, tupu.

"Wateja wayataka," akasema akitazama dirishani. "Nijazie."

"Wataka nini?"

"Yale. Ya kiume."

"Sina."

Shangazi aliacha kutafuna. Kule ngazini Mahfudha alikuwa anapanda na chai, naye akasimama vile vile na sinia.

"Waridi," akasema Aidarus. "Nijazie waridi, dada."

Nilichukua chupa, nikabandua ile picha ya kofia ya Kizungu kwa ukucha mpaka ikatoka yote, nikamjazia.